Tarumbeta Haipiti Msibani Kimya

Kosa la Araba Tawiah lilikuwa gauni. Barua ya chuo cha walimu wa muziki ilisema wanafunzi wapya waje na nguo nyeusi, waandikishwe Jumamosi kabla ya saa kumi alasiri. Atakayechelewa angoje mwakani. Araba, mtiifu kama kondoo wa kanisa, akalivaa gauni jeusi tangu nyumbani Anomabo, akapakata tarumbeta yake na kasha lake, akasafiri peke yake.

Maili moja kabla ya chuo, maturubai ya msiba yalikuwa yameziba barabara. Dereva akazima gari. "Mpaka maiti apite, hapiti mtu."

Araba akashuka akatize kwa miguu. Sasa fikiria: Jumamosi, msibani, msichana ndani ya nyeusi, kashika tarumbeta. Hata mbuzi wangejua ni wa bendi.

"Ndiye huyu!" Maame Esaaba, mkuu wa kamati ya mazishi, akamdaka mkono. "Mpiga tarumbeta wetu kavimba mdomo tangu juzi, na wewe unatembea kama bibi harusi?"

"Mama, mimi mpita njia. Nawahi chuo."

"Mpita njia na tarumbeta? Mwanangu, huku tarumbeta haipiti mbele ya maiti kimya. Au kwenu mnazikana kwa filimbi ya refa?"

Heshima si utumwa, walisema wahenga. Wahenga hao hawakuwahi kukamatwa na Maame Esaaba. Araba akapiga wimbo mmoja. Akapiga wa pili. Alipoinuka kuaga, akaletewa kenkey, donge la mahindi machachu, na samaki, na wanawake wawili wa kukaa naye, mmoja kila upande, kwa upendo mkubwa usio na mlango. Kasha la tarumbeta likakaliwa na bibi mzito aliyelia bila kusogea.

Saa tisa na robo. Bwana mmoja alikuwa akisoma wasifu wa marehemu, na ndiyo kwanza amefika darasa la tatu. Nyuma yake walingoja wasemaji watano.

"Tunatoka saa ngapi?" Araba alimnong'oneza mpiga ngoma.

"Tarumbeta ikiinua wimbo wa kutokea, jeneza nalo linainuka. Hapingi mtu, hata chifu."

"Makaburi yako wapi?"

"Mkabala na geti la chuo."

Araba akalamba midomo, akamwomba marehemu radhi kimoyomoyo, akauinua wimbo wa kutokea.

Wabeba jeneza wakaruka kama waliochomwa sindano. Msomaji akabaki kinywa wazi, marehemu wake bado darasa la tatu. Jeneza likatoka likicheza mabegani, mji mzima nyuma, Araba mbele akipiga kwa kasi iliyozidi adabu kidogo.

Getini akachomoka. Saa kumi kasoro dakika sita alikuwa mbele ya ofisi. Imefungwa. Mlangoni karatasi: *Mwandikishaji yuko kwenye mazishi ya shangazi yake.*

Akaketi kizingitini. Saa kumi ikaja, ikapita.

Hatimaye akatokea bwana mwenye vumbi la kaburi viatuni na wasifu mkononi.

"Shangazi yangu alifika chuo kikuu," alisema. "Watu hawajui."

"Samahani, mwalimu."

Bwana akafungua mlango na daftari. "Jina? Nilikuona ukichomoka. Ulifika kabla ya saa kumi." Akaandika. "Kesho saa tatu asubuhi ni ibada ya shukrani. Utapiga, kisha utakaa, nami nitasoma. Kuanzia darasa la kwanza."

Araba akageuka aondoke. Mlangoni alisimama Maame Esaaba, kasha la tarumbeta kwapani, ameujaza mlango wote.