Isale la Kuzuia Safari

Habari kwamba Yuditha, mjane wa Eliufoo, anakwenda Uskoti kucheza gofu ilifika Mkuu Rombo kabla mwenyewe hajapata viza. Huko ikatiwa chumvi, ikarudi Old Moshi ikisema anakwenda kuolewa na mzungu mwenye uwanja. Yuditha alipoisikia nje ya kanisa alicheka mpaka kilemba kikalegea. Miaka sitini na mitatu, magoti yote mawili yanamlalamikia, halafu aolewe tena aanze kumpikia mtu. Watu wana kazi.

Ukweli ulikuwa mwepesi kuliko uvumi huo. Kila Jumanne Yuditha alishuka Moshi mjini kucheza na rafiki zake wawili, Digna wa Kibosho na Evaline, mwalimu mstaafu wa Bomang'ombe. Wakimaliza shimo la tisa walikaa barazani na daftari, wakapanga safari yao ya Juni. Digna alitaka Carnoustie kwa sababu alisoma kwamba uwanja ule umewaliza mabingwa, naye akasema akilia tena katika maisha haya iwe ni kwa jambo la maana. Evaline alitaka kila uwanja uliowahi kuonyeshwa kwenye televisheni. Yuditha alitaka mmoja tu, ule uwanja mkongwe wa St Andrews, ambao watu huingia kwenye kura kutafuta zamu ya kucheza. Waliandika, wakafuta, wakabishana juu ya masweta, wakaagiza chai nyingine.

Wenye huruma walisema anakwenda kwa ajili ya marehemu. Maneno hayo yalimuudhi. Eliufoo alikuwa mume mwema na bado anamlilia, lakini kwa miaka ishirini aliusimulia uwanja ule mezani huku Yuditha akimpakulia ndizi, na hata siku moja hakumwambia, hebu shika fimbo ujaribu. Alipozikwa, Yuditha alizibeba fimbo zake kwa fundi baiskeli akazikatisha zilingane na kimo chake. Fundi alimuuliza mara tatu kama ana uhakika. Alikuwa na uhakika.

Alijifunzia kihambani kwake, kwenye shamba linaloizunguka nyumba. Katikati ya migomba huwezi kupiga mpira wa juu bila kuchana majani, kwa hiyo alijizoeza kuupitisha chini, usawa wa kiuno, kati ya shina na shina. Klabuni wanaume waliucheka mpigo huo. Kisha Evaline akasoma mahali kwamba kule Uskoti, kwa sababu ya upepo wa bahari, mpira unaofaa ni huohuo wa chini. Yuditha akamwomba airudie sentensi hiyo kwa sauti, meza ya jirani isikie.

Kilichobaki ni viza, na viza ilikuwa mikononi mwa Wilson, mwanawe wa pekee, anayeishi Dar es Salaam. Mwezi wa pili alikuwa amempa pasipoti ili amjazie fomu na kumpangia miadi. Kila alipompigia simu, Wilson alikuwa na jibu. Mtandao uko chini. Foleni ni ndefu. Wiki ya saba ikapita, Digna na Evaline wameshapata zao. Ndipo Jumamosi moja asubuhi Wilson akatokea kihambani bila taarifa, amefuatana na baba yake mkubwa Efraimu, kaka wa marehemu, mzee wa kanisa na msemaji wa ukoo. Mkononi mwa Efraimu kulikuwa na isale.

Hapo Yuditha aliogopa. Isale ni jani tu, jembamba, la kijani. Uzio mzima wa kihamba chake ulikuwa wa majani hayohayo. Lakini likipigwa fundo na kuletwa mlangoni kuomba msamaha, hakuna Mchagga anayelikataa. Mama yake Yuditha alilipokea kutoka kwa dereva aliyemgonga na kumuua mwanawe, akamkaribisha ndani, akampa maji ya kunywa. Tangu siku ile Yuditha hajawahi kuliona isale lenye fundo bila kumkumbuka dereva yule.

"Shikamoo, shemeji," alisema.

"Marahaba, mama Wilson." Efraimu alikataa kiti. "Nimetumwa na ukoo. Tunakuomba kwa jani hili uiache hiyo safari. Mjane wa nyumba hii, mama wa kwaya, aende Ulaya kuvaa suruali na kukimbiza mpira. Sisi tutaonekanaje? Na Jumapili utasali wapi?"

"Jumapili uwanja ule hauchezewi gofu, shemeji. Watu wanatembeza mbwa tu."

"Usinichezee. Jani hili unalijua."

Analijua, na hasira ikampanda kwa sababu analijua. Aliiona safari nzima ikimponyoka, daftari, masweta, kura, na yote kwa jani kama yale aliyoyapanda mwenyewe uzioni. Akamtazama mwanawe. Wilson alikuwa anatazama viatu vyake, na kila mara mkono wake ulipapasa kifua cha koti. Alipokuwa darasa la nne alikuwa akipapasa kifua hivyohivyo siku za kuficha ripoti ya shule.

"Nalijua," Yuditha alisema taratibu. "Ndiyo maana nauliza. Kosa ni lipi?"

"Kosa gani tena?"

"Isale huletwa na mkosaji, shemeji. Anakuja, anataja alichokosa, anasamehewa. Sijawahi kusikia isale la kumwomba mtu akae nyumbani. Kama mmelileta, basi kuna mahali mmenikosea. Nitajieni."

Efraimu aliijua sheria hiyo kuliko mtu yeyote. Mashauri mangapi ya ukoo ameyamaliza kwa jani hilo. Vijana wote amewafundisha yeye kwamba isale lisilotaja kosa ni dhihaka. Akageuka kumtazama Wilson, na kule kumtazama ndiko kulikomponza.

"Mama." Wilson aliingiza mkono ndani ya koti akatoa pasipoti. "Hakukuwa na foleni. Baba mkubwa alisema nikiikalia mpaka Mei, utachoka mwenyewe."

Ilimuuma Yuditha kuliko alivyotegemea. Wiki saba alikuwa akiulaani mtandao, akimwonea huruma mwanawe kwa usumbufu. Alitaka kumfukuza na gari lake. Alitaka pia kukaa chini alie, lakini hakutaka Efraimu apate hadithi ya kupeleka kwa ukoo.

Akanyoosha mikono yote miwili akalipokea isale.

"Nimelipokea," alisema. "Nimewasamehe, wewe na Wilson na ukoo wote uliowatuma. Sitalitaja tena, hata mkija wote Krismasi. Sasa kilichochukuliwa kirudi."

Wilson akamwekea pasipoti mkononi. Efraimu alibaki mikono mitupu, na jani likishapokewa halidaiwi. Yuditha alimwonyesha kile kiti alichokikataa, akamwambia kiburu cha ndizi na maharage kiko jikoni na kinatosha watu wote. Safari hii akakaa.

Wakala. Yuditha alimuuliza mwanawe anarudi lini Dar.

"Kesho mchana, Mama."

"Vizuri, tutaondoka wote. Fomu nitaijaza mwenyewe, Digna ameshanielekeza. Kazi yako ni kunifikisha mlangoni kwa hao wanaotoa viza."

"Sawa, Mama."

Aliinuka akauvuta mfuko wa fimbo kutoka nyuma ya mlango, akalifunga isale kwenye mkanda wa mfuko huo. Efraimu aliweka kijiko chini.

"Hilo nalo unalipeleka wapi?"

"Linakwenda na mimi, shemeji. Nikimchelewesha mtu uwanjani, nitamwomba radhi kwa hilo." Alikaza fundo. "Nikimshinda, siombi."