Mwajiri wa Simeo

Mashavu hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini neno bima alilisema mpaka kijiji kizima cha ujamaa, kule upande wa Kwaluguru, kikamchoka. Yeye ndiye aliyeongoza kamati ya mashine ya kusaga, na alishikilia kwamba kabla ya kugawana faida, walipie kwanza bima ya mwajiri. Aliwaeleza kila kikao: mtu uliyemwajiri akiumia kwenye kazi yako, dhima ni yako, na bima ndiyo itakayokuwezesha kumlipa fidia badala ya kumpa pole tupu. Wanaume walicheka. Ujamaa na mwajiri wapi na wapi? Wakalipa hivyo hivyo, ili anyamaze tu.

Siku mkanda wa mashine ulipomnasa Simeo, vicheko vilikwisha. Simeo alikuwa fundi waliyemwita kutoka Ngombezi aendeshe mashine, mtoto wa wakata mkonge, mpole mno, na injini alizielewa kwa kuzisikiliza tu. Hospitali iliokoa maisha yake, lakini mkono wa kulia ulikatwa juu ya kiwiko. Alikuwa na mke, Bernadina, na watoto wadogo, na shamba hakuwa nalo. Fidia isipotoka, angeishi kwa kuomba.

Afisa wa bima alikuja kutoka Korogwe, kijana nadhifu mwenye adabu zake. Aliamkia wazee, akakaa nje ya nyumba ya mashine, watu wakamzunguka, Simeo na Bernadina wakiwa mbele. Kisha akauliza mwajiri wa Simeo ni nani.

Mwenyekiti wa kijiji, mzee Muhidini, akasimama. Hapo ndipo alipoharibu, tena aliharibu kwa moyo safi kabisa. Ujanani alikuwa amekata mkonge chini ya wanyapara, na kwake mwajiri lilikuwa tusi. Akatangaza kwa sauti ya mkutano kwamba kijijini hapo hakuna mwajiri wala mwajiriwa, wote ni ndugu, na Simeo alikuwa akiwasaidia ndugu zake. Watu wakapiga makofi. Afisa akafunga kalamu yake. Akaeleza kwa upole kwamba kama ni hivyo, bima haihusiki: yenyewe humlinda mwajiri anayedaiwa na mfanyakazi wake, ndugu wanaosaidiana humalizana wenyewe.

Makofi yakakatika. Kwa Mashavu, kumpinga mwenyekiti mbele ya mgeni, tena yeye mwanamke, kulikuwa kujitafutia maneno ya mwaka mzima. Akamtazama Bernadina, akasimama.

"Unisamehe, mzee wangu," alisema. "Simeo tulimwajiri. Mashine ni yetu, saa za kazi tulimpangia sisi, mshahara tulimlipa sisi. Alituomba tuuwekee mkanda ule kinga, tukamwambia asubiri mavuno. Akaendelea kusaga, kwa sababu waajiri wake tulimwambia asage."

Afisa akawaonya. Wakikubali hivyo wanakubali na wajibu wake: kinga iwekwe, na kama bima haitatosha, kijiji kitaongeza chenyewe. Watu walitazamana. Muhidini akasugua goti.

"Wale wa mkongeni hawakukubali hata siku moja," alisema mwishowe. "Mtu akiumia, walisema kajiumiza mwenyewe. Sisi hatutasema hivyo. Andika, mwanangu. Mwajiri ni sisi."

Mashavu alijivuna waziwazi, wala hakuona haya. Aliona fahari kwa ajili ya mzee yule, na kwa ajili ya kijiji chake chenye mashine moja na roho ya kubeba lawama yake.

Lakini afisa alitaka kulisikia jibu hilo kwa mfanyakazi mwenyewe: mwajiri wake ni nani? Simeo aliinamisha kichwa. Kwake ilikuwa kama kuwashitaki jamaa zake.

"Sema, Simeo," Mashavu alimwambia. "Usituonee haya."

Simeo akainua mkono wa kushoto. Akamwonyesha Mashavu, akamwonyesha mzee Muhidini, kisha kidole kikaenda taratibu kwa wengine, mtu baada ya mtu. Kule nyuma, waliokuwa wameketi chini wakaanza kusimama ili kiwafikie na wao.