Tsipe Peltin Mbele ya Kaizari

Jumatatu asubuhi Fayvish Peltin alikuwa akipiga pasi koti jeusi la kwendea kwa wakubwa. Mama yake, Tsipe, aliingia, akakung'uta udongo mlangoni na kuketi karibu na jiko. Alikuwa amekufa miaka kumi na mmoja nyuma.

"Nasikia tunafukuzwa," alisema.

"Wayahudi wote, umbali wa versta hamsini kutoka mpakani, kama mwendo wa siku mbili. Eti tunavusha magendo."

"Na sisi wa makaburini?"

Fayvish aliisoma tena amri ya Kaizari. Haikusema.

"Basi twende wote kwa Kaizari. Wewe mwanangu una adabu kupita kiasi."

Kweli alikuwa nayo. Miaka ishirini mji ulimtuma kuwaombea watu kwa magavana, na alijua kuinama mpaka paji la uso liguse zulia. Kuingia Petersburg, mji wa Kaizari, alipewa kibali cha siku tatu. Mama alionyesha cheti cha kifo, walinzi wakampisha.

Kaizari aliwapokea amesimama. Fayvish alianza kwa shukrani, kama ilivyo desturi, akashukuru hata kwa mema ambayo hawakutendewa. Mama hakumngoja amalize.

"Nimekaa mpakani miaka themanini juu ya ardhi na kumi na mmoja chini yake," alimwambia Kaizari. "Sijavusha hata sindano. Mume wangu alifia jeshini mwako. Magendo ni ya maafisa wako wa forodha, na majina yao unayajua. Mbona hao huwafukuzi?"

Waziri aliyesimama pembeni alikohoa.

"Asemayo ni kweli tupu," Kaizari alisema. Akachukua kalamu, akaongeza mstari mmoja chini ya amri: wafu wabaki. Walio hai waondoke kabla ya theluji.

"Shukuru," waziri alimnong'oneza Fayvish.

"Nishukuru nini?"

Kwa jibu hilo alinyang'anywa siku mbili za kibali zilizosalia.

Mji ulihama Alhamisi moja kabla ya theluji, wagonjwa wamelazwa kwenye mikokoteni. Wafu walitoka kuwasindikiza, wakabeba watoto na vyungu, maana wao hawachoki. Kwenye nguzo ya versta ya hamsini askari walikagua karatasi.

Tsipe alimfunga mwanawe shali shingoni. "Nani atakuja makaburini kutuombea?" aliuliza.

Askari waliwasukuma walio hai mbele, wakawarudisha wafu, kwa kuwa ruhusa yao iliishia pale.