Kifuta Machozi cha Shangazi

Huko Maposeni mpaka leo ukitaja jina la Odilia, watu watakuambia ndiye yule mama aliyewapa nguruwe pori mahindi. Watasema huku wanacheka, na wengine bila kucheka, hasa wale ambao mashamba yao yamepakana na msitu. Odilia mwenyewe anajua wanavyomsema. Yuko zake Msamala, mjini Songea, anashona sare za shule kwenye kibanda chake, na mtu akimletea umbea huo humwuliza kama ameleta kitambaa au amekuja kupiga soga.

Mambo yalianzia kwenye arobaini ya kaka yake, Daudi. Marehemu alikuwa mkulima, mtu wa maneno machache, na aliugua akalala kitandani tangu kabla ya mavuno hadi alipofariki. Mwezi wa tisa ulipofika, misa ikasomwa, pombe ikapikwa, na ukoo ukakusanyika kugawa vitu vyake. Katika ukoo ule anayegawa ni shangazi, yaani dada wa marehemu. Hakuna mwanaume anayeruhusiwa kugusa kitu mpaka shangazi aseme. Na kabla hajamgawia mtu yeyote, yeye huchagua kitu kimoja cha kwake, ambacho wanakiita kifuta machozi. Akinyimwa kitu hicho, matanga hayajaisha, na ukoo mzima utazunguka na msiba wao kama mzigo uliokosa wa kuupokea. Kwa kawaida shangazi huchukua blanketi au koti, watu wakapiga makofi, kazi ikaendelea.

Odilia alifika siku moja kabla, na asubuhi ya shughuli alikuwa ameketi nyuma ya nyumba akichambua maharage. Akaja Crispin, mtoto mkubwa wa marehemu, akachuchumaa mbele yake.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, baba. Umeamkaje?"

"Salama. Shangazi, ninyi mlipokwenda kuniposea kwa kina Leticia, waliwakaribisha jikoni?"

"Sebuleni. Jikoni wanakaa wenyewe, hasa Jumapili wakitoka kanisani. Wanauzunguka moto wote, wazee na watoto, wanakula pamoja."

"Wote?"

"Wote. Kwani vipi?"

"Nauliza tu."

Leticia ni mke wake. Alimkimbia miezi kadhaa nyuma, akabeba na mtoto, baada ya kuchoka kupigwa, na wazazi wake wakasema harudi hata kwa dawa. Siku ya mazishi ya baba yake, Crispin alikuwa amelewa, akasimama kando ya kaburi akapiga kelele kwamba atawamaliza wote pale kwa kina Leticia, pamoja na kuku wao. Wanaume walimvuta shati, wakacheka, wakasema ni machungu. Odilia naye siku ile alicheka kidogo, kwa sababu ya kuku.

Asubuhi hii Crispin hakuwa amelewa. Alikuwa amenyoa ndevu, sauti imetulia, na alikuwa mpole kupita alivyomzoea. Odilia akaangalia ukutani mahali baiskeli yake ilipokuwa ikiegemezwa kila siku.

"Baiskeli yako iko wapi?"

"Nimempa Saimon wa jirani."

"Umemwuzia?"

"Nimempa tu, Shangazi. Nenda nayo, nikamwambia, itakufaa."

Akainuka akaondoka. Odilia akabaki na ungo mapajani. Zile kelele za makaburini hazikumtisha. Huu upole ndio uliomtisha, na aliona aibu kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia siku na mahali.

Akamtafuta Kajetani, mdogo wake marehemu, ambaye sasa ndiye mwenye sauti katika ukoo, na kwa kweli sauti anayo, tena ya kutosha vijiji viwili. Akamweleza. Kajetani akamsikiliza huku anaonja pombe.

"Dada, kuuliza watu wanakula wapi ni kosa? Labda anataka kwenda kuomba msamaha."

"Na baiskeli?"

"Ana roho nzuri. Mungu amemgusa."

"Lile gobore la kaka liko wapi?"

"Darini. Leo atapewa yeye, ndiye mkubwa. Nguruwe pori wale watamtambua."

Hapo Odilia akaelewa kwamba kila kitu kimeshapangwa, na kwamba anayetakiwa kumkabidhi Crispin bunduki ile kwa mkono wake mwenyewe, mbele za watu, ni yeye.

Mchana vitu vikatandazwa mkekani: majembe, koti, redio, blanketi jipya ambalo marehemu hakulimaliza, na gobore. Lilikuwa gobore la kienyeji kama mengine yote ya kule, mtutu wa bomba, kitako kilichochongwa na fundi aliyekwisha kufa. Halikuwa na kibali na halikuwahi kuwa nacho. Pale penye watu alikuwepo pia mtendaji wa kijiji, Nasma, binti mwenyeji wa Mbesa aliyehamishiwa Maposeni mwaka uliopita. Alikuja kuhani, lakini mtendaji haji mahali bila tangazo. Akaomba dakika.

"Poleni tena, wazazi wangu. Inna lillahi. Nakumbusha tu kwamba kipindi cha kusalimisha silaha kwa hiari kinaendelea. Mwenye silaha isiyo na kibali ailete ofisini. Hatakamatwa, hataulizwa ameitoa wapi. Muda ukipita, hayo mengine tusilaumiane."

"Na nguruwe nao wana kibali?" Kajetani akauliza.

Watu wakacheka sana, kwa kuwa walikuwa wameshakunywa. Kajetani akiona amechekewa huwa hawezi kukaa. Akasimama.

"Binti yangu, mtu akitaka kuua panga lipo. Shoka lipo. Mchi wa kutwangia upo. Na hivyo tuvibebe tuvilete ofisini kwako? Utaviweka wapi?"

Kabla Nasma hajajibu, Odilia akasema, "Panga unaliona linanyanyuliwa. Unakimbia, unapiga yowe, majirani wanakuja wanamkamata mtu. Gobore likilia, jirani anakuja kubeba maiti."

"Linalia mara moja tu, dada! Kulishindilia tena ni kazi kama kusonga ugali wa harusi."

"Linajazwa goroli, Kajetani. Ndani ya jiko la watu, mara moja inatosha."

Alisema hivyo bila kumtazama Crispin. Crispin alikuwa ameketi karibu na mlango, macho yake mkekani, kama mtu anayesubiri kuitwa jina hospitalini. Odilia alitamani kumtaja waziwazi, akashindwa. Ni mtoto wa kaka yake, siku ya arobaini, mbele ya mgeni. Na akimtaja na yeye akakana, nani ataaminiwa? Ameuliza watu wanakula wapi. Amegawa baiskeli. Kwa maneno hayo hakuna mtu aliyewahi kufungwa.

Ndipo Notburga, mjane, akafungua mdomo kwa mara ya kwanza siku ile.

"Mnabishana vizuri," akasema. "Mwaka juzi nguruwe waliingia usiku mmoja, asubuhi nikakuta mabua. Tangu hapo marehemu alikuwa akilipiga hewani tu, wanakimbia. Sasa likienda ofisini, mimi nitakula nini? Tangazo?"

Nasma alisema jambo kuhusu maofisa wa wanyamapori na kupiga simu, watu wakamwangalia kwa huruma, maana walikuwa wamepiga simu hizo kabla yeye hajazaliwa.

Kajetani akaona ameshinda. Akafanya lile kosa ambalo watu wenye sauti kubwa hulifanya wakishinda: akaendelea kuongea.

"Kwa hiyo mtendaji tunakuheshimu, lakini hapa serikali haina kauli. Vitu vya marehemu vina mila yake. Mwenye kauli ni shangazi peke yake! Anachosema shangazi hakuna wa kukipinga, si mimi, si mjane, si mtoto. Anayebisha asimame nimwone."

Hakusimama mtu.

"Dada, chukua kifuta machozi chako tuendelee." Na akalisogeza blanketi kwa mguu, ili kumrahisishia.

Odilia akainuka, akajifunga kanga vizuri, akapita blanketi, akapita koti. Akainama akaliokota gobore.

"Nachukua hili."

Kicheko kilianza upande wa vijana kikazima chenyewe njiani.

"Dada," Kajetani akasema polepole, "utawinda nini Msamala? Paka?"

"Ni kifuta machozi changu. Kama mila imebadilika tangu ulipokaa chini, niambie."

Kajetani akafungua mdomo, akaufunga. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza. Wazee wakatazamana, mmoja akasema, "Amechagua," na mwingine akapiga makofi mawili matatu ya unyonge, kwa kuwa ndivyo inavyotakiwa. Notburga akajifunika uso kwa kanga. Crispin alikuwa ameinua kichwa, anamtazama shangazi yake, na Odilia hakuweza kusoma chochote katika uso ule.

Akagawa vilivyobaki harakaharaka. Crispin akapata redio na majembe. Kisha Odilia akaliweka gobore begani kama jembe, akashika njia ya ofisi ya kijiji, Nasma nyuma yake. Watoto waliwafuata hadi kwenye kona wakiimba, wakarudi.

Ofisini alikuwepo askari wa kata, Aidan, amevua viatu anapunga upepo. Akavaa upesi, akalipokea gobore, akashukuru kwa maneno ya kikazi. Halafu akafanya kama wanavyofanya wanaozijua silaha hizo: akachukua ufito akauingiza kwenye mtutu kupima kina chake. Ufito ukaingia, ukagota kabla haujafika mwisho. Akaujaribu tena.

"Mama," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "hii imeshindiliwa."

Nasma akasogea ukutani. Njia nzima mtutu ule ulikuwa umemwelekea yeye kifuani.

Aidan akalitoa nje, akachokonoa kwa uangalifu, akamimina juu ya gazeti. Zikatoka goroli za baiskeli, vichwa vya misumari na vipande vya nondo vilivyokatwa vidogovidogo, vingi kupita alivyowahi kuona. Kisha baruti, kavu, haijashika hata ukungu.

"Hii haijamaliza wiki humo ndani," akasema. "Marehemu aliugua kwa muda gani?"

"Tangu kabla ya mavuno."

Wote watatu wakatazama nje. Mashamba yalikuwa matupu mpaka msituni, yamechomwa, yanasubiri mvua. Mwezi wa tisa hakuna nguruwe anayefuata majivu.

"Sasa nani," Aidan akaanza, "nani ali..."

"Afande," Nasma akamkatiza, "tangazo linasema haulizwi."

Aidan akamgeukia Odilia akamtazama, akimwomba kwa macho ajibu lile ambalo yeye amekatazwa kuuliza. Odilia akalifikiria. Akisema, watakwenda kumchukua, watamweka ndani siku chache, watamwuliza, atakataa, watamwachia. Atarudi anajua nani amemsema, na hasira yake itakuwa imepata pa kulala na pa kula. Asiposema, je? Hakujua. Aliogopa vyote viwili, na kati ya hivyo akachagua kunyamaza, akatoka nje. Kama alifanya sawa, mimi siwezi kukuambia.

Aliporudi nyumbani kwa marehemu hakuna aliyemsemesha. Kajetani alikuwa anawaeleza watu upya jinsi mila inavyoweza kutumiwa vibaya na wanawake wa mjini. Odilia hakuwaambia kilichotoka mle mtutuni. Angesema, Notburga angejua ni mwanawe, na mwanamke yule alikuwa ameshazika mtu mmoja mwaka ule. Akachukua mkoba wake, akaaga wachache waliokubali kuagwa, akaanza kwenda barabarani kungoja gari la Songea.

Hajafika mbali, akasikia hatua nyuma yake. Crispin. Akaupokea mkoba mkononi mwake, kama mtoto yeyote mwenye adabu anavyompokea shangazi yake, wakatembea. Odilia aliangalia mikono ya kijana: mkoba tu, hakuna kingine.

Walipofika barabarani Crispin akauweka mkoba chini taratibu.

"Shangazi."

"Naam, baba."

"Pale ofisini walilifungua?"

"Walilifungua."

"Wakamwaga vyote?"

"Vyote. Juu ya gazeti. Nimeviona."

Crispin akatikisa kichwa kukubali. Akatazama upande wa kwa kina Leticia, mahali moshi wa jioni ulipokuwa unaanza kupanda juu ya mapaa. Kisha akaketi palepale kwenye vumbi kando ya mkoba, na alipoongea sauti yake haikuwa na ule upole wa asubuhi. Ilikuwa ya mtu anayeogopa.

"Panga lipo bado, Shangazi. Usiniache huku. Nichukue twende wote."

Gari likatokea kwenye mteremko. Odilia akanyoosha mkono mmoja kulisimamisha, na kwa mkono wa pili akamshika Crispin shati, hakuliachia mpaka walipokuwa wamekaa ndani.