Sefaleksini ya Njano

Asma aliiinua chupa ya dawa ya mwanawe juani. Jana muuza dawa wa Chake Chake alimpa unga wa sefaleksini, autie maji yaliyochemshwa yakapoa, amnyweshe mwanawe anayetoka usaha sikioni. Unga ulikuwa mweupe pe! Leo dawa ni ya njano, tena inanukia marashi.

"Katuuzia sumu yule," alisema mama mkwe wake, Bi Mgeni.

Asma alifura njia nzima, Bi Mgeni akimfuata nyuma. Kijana yule wa dukani alikuwa akichekacheka mno; tangu lini mtu mkweli akacheka hivyo?

Dukani aliibwaga chupa mezani. "Umetuona wajinga?"

Bi Mgeni akapayuka kumshinda, mpaka wapita njia wakasimama.

Muuza dawa aliinusa chupa. "Maji alitia nani?"

Asma akakumbuka. Yeye alikwenda kukoga, akamwachia mkwewe kazi hiyo. Akageuka. Bi Mgeni alikuwa akiyatazama makopo ya maziwa.

"Mama?"

"Nimetia kombe la Shehe Haroub," alinong'ona Bi Mgeni. "Aya alizoziandika sahanini kwa zafarani, nikaziosha kwa marashi. Wee ungemwamini huyu peke yake?"