Gari Lililozoea Hasira Zangu

Mume wangu alinunua gari bila kuniuliza. Siku aliyolileta nyumbani nilikaa kiti cha mbele, mlango wazi, nikampasha mpaka majirani wakazima redio zao wasikie vizuri. Nisichojua ni kwamba gari nalo lilikuwa linasikiliza. Lilikuwa jipya, halina kitufe hata kimoja, kila kitu ni kwa kuliambia, na asubuhi hiyo lilikuwa linangoja kumjua mwenyewe. Nilipotua kuvuta pumzi likasema kwa sauti tamu, "Asante. Sauti yako imehifadhiwa."

Tangu hapo halisikii mtu mwingine. Mume wangu ni fundi saa, mtaa mzima humwita Taratibu, na sauti yake haimwamshi hata paka. Akiliomba lifungue dirisha, kimya. Mimi nikiliomba kistaarabu linajibu, "Samahani, sikutambui." Linanitambua nikiwa nimechukia, tena kwelikweli, kuigiza nimejaribu, halidanganyiki. Fundi wa pale lilikonunuliwa alikuja na kompyuta yake, akahangaika weee, mwisho akasema, "Mama, mfumo umeshakubali kwamba hiyo ndiyo sauti yako ya kawaida." Nilimjibu, na taa zote za gari zikawaka.

Ikabidi tulizoee. Tukiwa na safari, Taratibu huanza maandalizi tangu jana yake. Kwa safari fupi anaacha taulo bichi juu ya kitanda. Kwa safari ndefu anamsifia mchumba wake wa zamani. Kuna jirani yetu, mtu mzima wa heshima, alikuja kutusuluhisha. Tulimweleza kwamba hatukuwa tunagombana, tulikuwa tunawasha kiyoyozi. Aliondoka akituombea.

Ila mbele ya mama mkwe sijawahi kupandisha sauti. Alikuwa akiishi kwa mwanawe mkubwa, na sasa alitaka kuja kututembelea, kisha aamue kama atahamia kwetu au atabaki kule. Nilimtaka mno. Mimi sikulelewa na mama. Huyu ndiye mwanamke wa kwanza kuniita mwanangu bila kunituma dukani papo hapo. Lakini mke wa shemeji ana ulimi wa asali, hata mbu huwabembeleza watoke. Nikaapa kwamba siku hiyo nitakuwa maji ya mtungini.

Asubuhi ya kwenda kumchukua kulikuwa na baridi, nami nikiwa bado na hasira za taulo niliamuru gari litupashe joto. Njiani hasira zikaisha, joto likabaki. Tulipokuwa tunarudi na mama kiti cha nyuma, jua la mchana likiwa utosini, tukakwama kwenye foleni darajani. Magari yalikuwa yamebanana hata mlango haufunguki. Kuzima injini nako ni kwa sauti, na sauti ni yangu.

"Mwanangu," mama aliuliza, akijipepea kwa kitambaa, "hili gari huwa mnapikia?"

"Litapoa sasa hivi, mama." Nikaliinamia. "Gari, tafadhali, fungua madirisha."

"Samahani, sikutambui."

Taratibu alijaribu kunisaidia. "Taulo bado liko kitandani," akaninong'oneza.

"Hakuna neno, mume wangu."

"Mchumba wangu wa zamani alikuwa hodari wa kupika."

"Mungu amzidishie."

"Wewe!" mama akamkemea. "Umeanza lini kumsema mkeo hivyo?"

Haikusaidia. Nilikuwa na furaha ya kuitwa mwanangu, hasira zikakosa pa kukaa. Kisha nyuma kukawa kimya. Nikageuka. Kitambaa kilikuwa kimemponyoka mama, midomo imemkauka, kichwa kimelalia dirisha.

Taratibu alitazama saa yake. "Foleni itafunguka tu," akasema. "Taratibu."

"Taratibu?" Sikujua hata sauti ilitokea wapi. "Mama yako anachemka kama kiazi, wewe unaniambia taratibu! Umenunua gari lisilo na kitufe, hukuuliza mtu, sasa unamuua aliyekuzaa! Na wewe bati usiye na haya, zima huo moto! Fungua madirisha! Leta baridi kabla sijakung'oa nyaya moja moja!"

"Karibu tena," gari likasema kwa furaha. Madirisha manne yakashuka kwa pamoja. Baridi ikavuma. Kiti cha mama kikaanza kumkanda mgongo, na hatukuwahi kujua kwamba kinaweza.

Dereva wa gari la pembeni alinipungia mkono. Mimi nilikuwa nalia waziwazi, maana nilijua nimeshamkosa. Mama alifumbua macho, akanywa chupa nzima ya maji, akakaa vizuri.

"Nisamehe, mama," nikasema. "Mimi siko hivyo."

"Samahani, sikutambui," likasema gari.

"Uko hivyo," mama akasema. "Kule kwa mwenzio ni ndiyo mama, sawa mama, tangu asubuhi hadi jioni. Juzi nilianguka bafuni. Alikuja mlangoni, akaniuliza kwa sauti nzuri sana kama nimeshamaliza kuoga. Tangu baba yenu afariki, leo ndiyo mara ya kwanza mtu kupiga kelele kwa ajili yangu."

Akamgusa mwanawe begani.

"Foleni ikifunguka, geuza. Tukachukue sanduku langu."