Kumpigia Debe Mwanasheria

Katika uwanja wa mafundi bati, mtu akitaka kusikilizwa hupaza sauti, au husubiri saa ya kula, nyundo zikinyamaza. Koleo alisubiri. Jina hilo alipewa kwa sababu akishika jambo haliachi, na jambo aliloshika tangu usichana wake ni mapinduzi. Hakuwahi kumchagua mwanasiasa yeyote. Kila uchaguzi aliingia kwenye kibanda cha kura, akachora nyundo juu ya karatasi nzima, akatoka kichwa juu.

Safari hii alikuwa na lake la kusema. Wenzake wa mduara wa kusoma walipokwisha kukaa juu ya madebe yaliyopinduliwa, akasema, "Naona tumuunge mkono mwanasheria."

Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, aliacha kutafuna. "Shemeji, jua limekuchoma?"

"Halijanichoma."

"Basi wamekununua. Niambie bei, na mimi nipange foleni."

Watu wakacheka. Koleo naye akacheka, kisha akaeleza polepole. Wagombea wenye uwezo wa kushinda walikuwa wawili. Mfanyabiashara alikuwa ameapa hadharani kwamba akiingia tu, uwanja wao utavunjwa yajengwe maduka. Mwanasheria hakuwa ameapa lolote, lakini alikubali kuja kuzungumza nao.

"Mwanasheria gani?" shemeji aliuliza. "Si yule aliyekitetea kiwanda mahakamani tulipofukuzwa kazi?"

"Ndiye huyo huyo. Nilikuwepo, shemeji. Mimi na wewe tulikaa benchi moja."

"Halafu leo unataka kumpigia debe?"

Koleo alitazama debe lililokuwa mapajani mwake na nyundo iliyokuwa mkononi. Wote wakaangua kicheko. Hata shemeji alijikaza, akashindwa.

Alipopata pumzi, sauti yake ilikuwa imeshuka. "Kila uchaguzi yupo mbaya na yupo mbaya zaidi. Kila mara tunaambiwa, safari hii tu, mambo yetu baadaye. Hiyo baadaye ni lini?"

Koleo alilifikiria swali hilo. Lilikuwa lake pia. Aliwahi kuwauliza wengine kwa ukali kuliko huo. "Sijui," alisema. "Ila mapinduzi yakija, nataka yatukute hapa, tukiwa pamoja. Wakituvunjia, kila mtu atashika njia yake, na mduara ndio basi tena."

Walikubaliana, isipokuwa shemeji. Hawatavaa fulana za mwanasheria, hawatamwita mheshimiwa, wala hawatamwita ndugu. Watampigia debe akitamka sentensi moja tu.

Mwanasheria alikuja, akapanda jukwaani. Alizungumzia maendeleo, madebe kimya. Akazungumzia umoja; kimya. "Suala la uwanja huu tutaliangalia," alisema, akatua kidogo, akingoja shangwe. Hakuna aliyekohoa.

Mpambe wake alimsogelea Koleo. "Mama, pigeni basi!"

"Bado hajasema."

Mwanasheria alijifuta jasho. Aliwatazama, nyundo zote zimeinuliwa, akaikunja karatasi ya hotuba. "Uwanja huu hautavunjwa," alisema.

Madebe yakalia hata hotuba iliyobaki ikamezwa yote. Shemeji alikuwa kwenye meza yake ya kazi, amewapa mgongo, analehemu ndoo. Debe lake lilining'inia msumarini.

"Nimemsikia," alimwambia Koleo baadaye. "Lakini langu nalitunza."

Siku ya kura, Koleo alikawia kibandani kwa sababu mkono wake ulishazoea kuanza na mpini wa nyundo. Mwishowe akaweka alama moja, ndogo, kama mtu anayeomba njia. Nje akamkuta shemeji.

"Nyundo yako imetoka vizuri?" alimuuliza.

"Imepinda. Nilikuwa nakuwaza wewe na mwanasheria wako."

Mwanasheria alishinda. Asubuhi yake, watu wakiimba barabarani, shemeji alisimama mlangoni kwa Koleo, debe kwapani.

"Twende kwake."

"Kuna nini? Ameshaanza kuvunja?"

"Hajaanza. Ndiyo maana tunakwenda."

Koleo akageuka ndani kutafuta nyundo yake.